Chuma Kilichoishia Nusu

Siku moja, kwenye kambi ya jeshi ya Kamina, nilimwona askari wa makamo amelala chali juu ya benchi, akisukuma juu chuma kilichofungwa magurudumu ya kitoroli cha reli kila ncha. Alikishusha nusu tu, akakirudisha juu. Rafiki yangu, mwalimu wa michezo kama mimi, niliyekuwa nikipita naye, akasimama.

"Citoyen, mwananchi, kama unazoeza mikono kubeba uzito mukubwa, nusu inatosha. Lakini kama unatafuta kukuza kifua, shusha mupaka chuma ikiguse, na viwiko visipanuke sana."

Askari akajibu bila kugeuka: "Miye najua, mwalimu. Mwenzangu ndio alikuwa anasimama nyuma ya kichwa yangu, anachunga chuma isinilalie. Wakubwa bamemupeleka kambi ya Kitona. Chuma ikinilalia, nani ataiondoa?"

 Mwalimu alizunguka nyuma ya kichwa chake, akaweka viganja chini ya chuma bila kukigusa.

"Shusha."

Chuma kikagusa kifua, kikatulia, kikapanda kikitetemeka. Askari akaketi, akaushika mkono wa mwalimu, asiuachie.

"Kesho mutapita tena?"

 Jioni ile tulikuwa tunapanda treni ya kwenda Bukama, bila mpango wa kurudi.

Wengi huniuliza ni zoezi gani hukuza kifua. Siku hizi ninajibu: kwanza upate mtu wa kukusimamia.