Kinu Kikinyamaza, Baba Anaamka

Wenzangu mliokulia Shelui kabla lami haijafika, mnaikumbuka redio ya baba? Ya kwetu ilikaa juu ya kimeza chake, imefunikwa kitambaa alichodarizi mama, na mama huyo huyo haruhusiwi kuigusa. Betri zikichoka tulizianika juu ya paa la tembe, pembeni ya mlenda unaokauka, zikapata nguvu kidogo. Kuanika ilikuwa kazi yetu wasichana. Kusikiliza, hapana.

Mchana baba alikula ugali wake wa uwele akajilaza, redio inasema peke yake. Hapo ndipo kilipoingia kipindi cha akina mama. Mama na shangazi waliacha mchi wakaenda kutega masikio dirishani. Lakini baba alikuwa na usingizi wa ajabu. Redio haimwamshi, jogoo hamwamshi, kinu kikinyamaza tu, huyo macho. "Mbona hamtwangi?" Na redio inazimwa, ati betri zinaisha.

Basi mama akanipa mimi mchi. Nilikuwa mdogo, mchi umenizidi kimo. Nikatwanga pumba tupu, pu, pu, pu, wenyewe wanasikiliza. Jasho linaingia machoni, viganja vinatoka malengelenge, na neno moja sipati kwa kelele zangu mwenyewe. Wakirudi nauliza.

"Wamesema nini, mama?"

"Wamesema mtoto wa kike naye apelekwe shule."

"Na mimi je?"

"Wewe twanga, baba yako asiamke."

Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta. Mama hakucheka. Shule nilikwenda, nikaishia darasa la tatu.

Siku hizi redio iko ndani ya simu, na simu kila mtoto anayo. Wanatazama watu wanaokata viuno, waya masikioni, ukimsemesha anakuitikia "eeh?" kama katoka usingizini. Shikamoo yenyewe mpaka umkoholee. Lakini mjukuu wangu Naomi, binti wa mwanangu Msengi, yeye anasema redioni kule Singida Mjini. Anakemea nyimbo zinazomtukana mwanamke. Anasema binti naye agawiwe shamba kwao. Basi watu wakamwandikia matusi kwenye simu, mengine siwezi kuyatamka na umri huu.

Msengi akayaona. Ana mashine ya kukamua alizeti hapa Shelui, na wateja walishaanza kumtania.

"Mama," akaniambia, "Alhamisi namsikiliza. Akinitia aibu, namrudisha nyumbani."

"Arudi afanye nini?"

"Akae."

Toka siku hiyo chakula kikanishinda.

Alhamisi nikaenda mashineni, nikakaa juu ya gunia. Mashine inanguruma, watu wako foleni. Kipindi kikaanza, sauti ya Naomi ikatoka kwenye simu ya baba yake, mashine ikaimeza. Msengi akainuka. Nikajua anakwenda kuzima simu.

Akazima mashine.

"We Msengi, vipi? Alizeti yangu iko humo!" mzee mmoja akafoka. "Au binti yako keshakuwa mkuu wa ukoo?"

"Subiri, baba. Mtoto anasema."

Wakanyamaza. Watu wazima na magunia yao, kimya, na mimi nikasikia kila neno la mjukuu wangu. Kilipokwisha, Msengi akampigia. Nikang'ata ncha ya kanga.

"Naomi mama, hujambo? Siku nyingine nishtue mapema nizime mashine. Pale mwanzo sikupasikia."

Jamani, nilishusha pumzi ambayo nadhani niliivuta nikiwa bado na ule mchi mkononi. Jioni nikala ugali nikaongeza.

Mengi ya zamani nayalilia. Uwele ulikuwa mtamu, maziwa yalikuwa mazito, watoto walipiga magoti kuamkia. Haya ya sasa yana kelele, na adabu imepungua. Ila siku ile ningempata mama, ningempata na shangazi, tukae juu ya gunia moja tusikilize kipindi mpaka mwisho, sote watatu, hakuna wa kutwanga.