Mzizi wa Upande wa Mashariki

Miaka ile ya vita nilichoka, jamani. Kazi yangu ilikuwa kumfuata Mzungu mmoja aliyechunguza mimea ya pwani, nikimkatia na kumkaushia. Watu wa Mji wa Kale walinicheka: "Mtu mzima, waokota majani kama mbuzi!" Wacheke. Majani mabichi hubanwa baina ya magazeti, na magazeti hubadilishwa kila siku, la sivyo huota ukungu. Na masika ya Mombasa, ukungu huota hata ndani ya viatu. Nilibadilisha karatasi mpaka vidole vikafa ganzi.

Kulikuwa na kichaka kimoja alichokitaka mno. Kilikuwa kwenye majabali ya Kizingo, nami nilikijua tangu utotoni, kwa sababu shangazi yangu aliyenilea alikuwa akichimba pale dawa ya wanawake waliotoka kuzaa. Zamani vilikuwa vingi. Askari walipofyeka kuweka mizinga, kikabaki hicho kimoja. Shangazi alikuwa na masharti yake: huchimba upande wa mashariki tu, hukata mzizi mmoja, hufukia, hukaa kidogo akiomba dua, ndipo huondoka.

Mara ya kwanza nilimpelekea Mzungu tawi lenye maua. "Tunda liko wapi?" Nikarudi kwa miguu, jua la utosi. Mara ya pili nikapeleka tunda. "Sasa niletee na kipande cha mzizi." Ah! Nilimtukana kimoyomoyo mpaka babu zake. Mara ya tatu mvua yanyesha, magoti yaniuma, na rundo la magazeti laningoja. Nikasema, basi, leo namalizana naye. Nikang'oa kichaka kizima nikakitia guniani.

Mzungu alifungua gunia, akakigeuza kichaka mizizi juu. Kisha akauliza polepole, "Nilitaka kipande tu. Viko vingine?"

"Viko, Bwana," nikasema. Uongo mtupu, Mungu anisamehe.

Akaandika kwenye karatasi yake kwamba mmea huu ni adimu na wafaa kulindwa. Nami nimesimama pale pale, udongo wake ungali kwenye kucha zangu.

Siku chache baadaye shangazi akaitwa Majengo, kuna mwanamke amejifungua na hali yake si nzuri. Akaenda kumtazama, kisha akashika njia ya Kizingo kuchimba dawa. Adhuhuri akarudi nyumbani, kijembe mkononi, leso imelowa hadi magotini.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba." Akakaa barazani kwa uzito. "Nimekuta shimo. Mtu kang'oa kichaka chote. Hata mbuzi hubakiza shina."

Ningeweza kunyamaza, lakini nilikuwa nimechoka hata kuficha.

"Ni mimi, shangazi."

Hakunifokea. Wallahi, nilitamani anifokee. Alitazama miguu yake iliyojaa matope.

"Yule mzazi nimemwambia angoje, naenda kumchimbia," akasema. "Sasa nikamwambie nini?"

Uso ulinishuka kwa haya, mtu mzima mimi na ndevu zangu. Alinyanyuka, akaniwekea kijembe mapajani.

"Shika. Wewe una kazi ya kuchimba. Mimi sina tena."

Akavaa buibui lake, akarudi Majengo mikono mitupu.