Scola na Mionzi ya Rabson

Nakaanga chapati mlangoni pa kibanda cha gemu cha Rabson, hapa Chapwa mjini Tunduma, tangu alipoleta kompyuta zake mwaka 2011. Watu wanaosema Scola Ngassa aliisaliti Tunduma wananitia hasira. Hawakuwepo. Mimi nilikuwepo.

Scola alitoka bondeni Momba, kwa wafugaji, akaolewa hapa mjini akawa anauza mitumba. Jioni akishafunga meza yake aliingia kwa Rabson kucheza ule mchezo wa vyombo vya anga vinavyopigana huko kwenye nyota. Alitaka jambo moja tu: awe mpigaji katika timu ya Tunduma itakayocheza na vijana wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, Zambia.

Mzinga wa chombo chake aliujua upesi. Risasi yake huchukua muda kufika, kwa hiyo humlengi adui pale alipo, unalenga mbele yake, pale atakapokuwa. Scola aliamia ndege kwenye mtama tangu utotoni, kombeo mkononi, hilo hakufundishwa na mtu. Hata kuzima injini, chombo kiteleze chenyewe huku yeye akigeuza pua kumpiga anayemfukuza, alijifunzia palepale.

Rabson alipoona hivyo akambadilishia silaha, akampa mionzi bila kumweleza inavyopigwa. Maelezo kwenye kioo yalikuwa ya Kiingereza, na Scola Kiingereza hajui. Akaendelea kulenga mbele. Sasa mionzi haina safari, ukibonyeza imeshafika, na kila pigo lake likapita hewani mbele ya adui. Vijana walicheka mpaka wakashika matumbo. Rabson, mtu mzima mwenye watoto, akasema, "Dada, rudi kwenye mitumba. Shabaha si kazi ya wanawake." Nilikasirika hadi chapati ikaniungulia.

Kesho yake Scola alicheza peke yake, akiutazama ule mstari mwekundu, kisha akaniita.

"Mama Fides, njoo uone. Hii haitaki kuwahiwa."

Aliweka alama ya shabaha juu ya chombo chenyewe, kikigeuka naye anageuka nacho, hadi kikapasuka.

"Kaka Rabson alijua," akasema. "Akanitazama tu."

Akadai kuchuana na Abrahamu, mpigaji wa timu. Alimshinda mbele ya wote, kwa mzinga na kwa mionzi. Rabson akasema timu ilishapangwa, naye mwenyewe atacheza. Hivyo tu, huku anatafuna chapati yangu.

Siku ya mechi Nakonde walivuka wakiwa pungufu, mwenzao mmoja kashikwa na malaria. Nahodha wao akaomba mtu wa kuwashikia nafasi. Ni vijana wa Rabson wenyewe, kwa kejeli, waliomnyooshea Scola kidole.

"Mwaiseni, bamayo," nahodha akamkaribisha kwa Kibemba, akimwita mama, akamvutia kiti. "Unapenda silaha gani?"

Kwa Rabson hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kila mchezaji alikuwa na vyombo vitatu, na Scola alianza kwa kukipasua cha Abrahamu. Cha Rabson kikakimbia, kikapasuka pia, na cha pili kikafuata. Akabaki na kimoja. Rabson akasimama, shingo imemvimba.

"Scola, wewe ni mtu wetu. Unatupigaje sisi?"

Scola hakuondoa macho kwenye kioo.

"Kaa chini, kaka," akasema. "Bado una chombo kimoja."