Kidole Ndani ya Kitabu

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine zote za ujana wangu, mwanangu, ilikuwa ya mvua, hapa hapa Kamembe, kwenye baraza la mafundi cherehani. Nakueleza habari zake kwa sababu ulipopita hapa ukitoka shule Gihundwe uliniuliza swali: katika riwaya hizi mpya, uanze na zile za miujiza au zile za historia? Na ukaniambia jirani yangu, Maman Odette, amekuonya kwamba za miujiza ni "mabuku ya bachawi." Nilikuahidi jibu la maandishi. Jibu lenyewe linaanzia kule barazani, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Shule niliiacha mapema, nikiwa Bukavu. Akili haikuwa na neno, ila miguu ilikataa kukaa. Nilipakua mizigo ya maboti Uvira, nikavuna mpunga Bugarama, nikasafiri juu ya magunia ya watu ambao hata majina yao sikuyajua. Kitu kimoja hakikuniacha: kila karatasi yenye maandishi niliisoma, hata ile waliyonifungia karanga. Nilipofika mji huu wa mpakani, upande wa Rwanda, bila kazi, siku hizo tukisema Cyangugu, mafundi Waislamu wa Kamembe wakanipa kazi ambayo sijaiona mahali pengine. Macho yao yalikuwa kwenye sindano mchana kutwa, lakini masikio yao yalikuwa huru. Nikakaa kwenye kigoda katikati ya mashine zao, nikawasomea riwaya za Kifaransa nilizonunua zimechakaa sokoni Bukavu, nikizimimina kwa Kiswahili papo hapo. Walinipa chai na mandazi, na wakanipa jina: Profesa.

Mkubwa wao, Mzee Ramazani, aliniwekea sharti moja tu. Anayetafsiri kwa mdomo hukutana na vishawishi vingi. Penye neno gumu huruka, na akinogewa huongeza. Kwa hiyo maneno ya kitabu niyaseme kitabu kikiwa wazi. Nikitaka kusema langu, nifunge kitabu na kuacha kidole ndani, kila mtu aone. Hata fundi aliyeinamia kitambaa alisikia kurasa zikigongana, akajua kwamba sasa anasema kijana, si mwandishi. Papa Zuberi, fundi wa suruali, alipenda kunichokoza kwa sharti hilo, akitaka nikiri lipi ni la kitabu na lipi ni langu.

"Profesa, ule mufalme njo alikula kuku yote ile, ao njo njaa yako?"

Nami nilifunga kitabu nikajibu, "Moja ni ya mufalme, Papa Zuberi. Ingine njo yangu."

Siku ya mvua tulikuwa katikati ya riwaya ya historia, juu ya miaka ya uasi kule upande wa Kisangani. Siku ya kwanza nilikuwa nimewasomea ukurasa ambamo mwandishi anasema kwamba vita ni vya kweli lakini watu amewatunga. Mafundi wote walisikia. Maman Safi hakuwapo.

Maman Safi alikuwa mkulima wa Nyakarenzo. Mume wake, dereva wa lori, alikwenda Kisangani katika miaka ile ile na hakurudi. Hakukuja mwili, haikuja hata salamu. Nawe unajua desturi yetu: kilio kina siku yake ya kumalizwa. Ndugu hukaa pamoja, hunywa, husema maneno yanayostahili, na mjane huruhusiwa kuishi tena. Kwa mumewe, Papa Safi, siku hiyo haikuwekwa, kwa kuwa nani angethubutu kuwa wa kwanza kusema amekufa? Mama akabaki hivyo, si mke wala si mjane, huku watoto wakikua. Sasa wazee wa ukoo walikuwa wamekubaliana. Siku imewekwa, na yeye ameleta kitambaa cheupe ili Mzee Ramazani amshonee gauni la kumalizia kilio. Kitambaa kilikuwa mezani, kimekwisha kuchorwa chaki.

Mvua ikamzuia kuondoka, akakaa, akasikiliza. Nilikuwa nimefika mahali ambapo dereva wa lori, mtu aliyekatika kidole cha mkono wa kushoto, anakaribia daraja bovu msituni. Kabla ya kuingia darajani anapiga mluzi, kama afanyavyo kwenye kila daraja, ili mbao zijue kwamba anakuja.

"Papa Ramazani, usikate kwanza," Maman Safi akasema.

Mkasi ukasimama.

"Ule muntu njo bwana yangu." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Kidole kilikatwa na mulango ya camion, batu bote ba Nyakarenzo banajua. Na ule mluzi. Kila daraja, mpaka ile ndogo ya pa kwetu yenye hata mbuzi anaruka. Mwenye aliandika hiki kitabu alimuona."

Mama akanigeukia mimi.

"Weye mwenye unasoma. Alimuona, ao hakumuona? Kama alimuona, mi ninarudia na kitambaa yangu. Nitangoja tena."

Mwanangu, kitabu kilikuwa wazi mapajani pangu, na neno lilikuwa mdomoni tayari: labda. Lilionekana neno la huruma. Mimi halikunigharimu kitu, na uso wa yule mama uliliomba. Nikafungua mdomo.

"Funga kitabu," Mzee Ramazani akasema, "kisha useme."

"Mzee, nilitaka tu..."

"Ninajua kile ulitaka. Ukisema na kitabu wazi, huyu mama atafikiri kitabu njo kinasema. Atapeleka labda yako Nyakarenzo, atalala nayo mpaka atazeeka. Na siku hiyo weye utakuwa wapi? Uvira. Funga."

Nikafunga, kidole ndani. Sijawahi kuona kitabu kizito namna ile.

"Mama," nikasema, "mi simujui mwandishi. Lakini alisema mwenyewe, pale mwanzo: batu bote ba hiki kitabu alibatunga. Bwana yako, hakumuona."

Nilidhani mama atalia, au atanitukana, na yote mawili yangekuwa haki yake. Alikitazama kitabu, pale kidole changu kilipoingia.

"Sawa," akasema. "Lakini ule wa mu kitabu, alivuka?"

"Sijui, mama. Hatujafika pale."

"Soma basi."

Tukasoma. Mvua ikakatika, jua likatoka, hakuondoka. Daraja lilivunjika na lori likabaki mtoni, lakini dereva alitoka majini akiwa mgonjwa, akatembea mpaka kijiji ambako hakumjua mtu. Mwanamke wa nyumba ya kwanza akampa maji na mkeka. Alikufa alfajiri, na yule mwanamke akamfunika nguo yake mwenyewe, akaita majirani wamzike.

Maman Safi aliuliza jambo moja tu. "Ile nguo, ilikuwa ya rangi gani?"

Nilitazama ukurasa, juu hadi chini. "Kitabu hakisemi, mama."

"Haina neno. Ile nitajua mwenyewe." Akasimama, akanyoosha kitambaa mezani kwa kiganja. "Papa Ramazani, kata."

Sasa nirudi kwenye swali lako. Tangu siku ile nimesoma kila riwaya nikikisikia kile kitabu kikifungwa. Ndiyo maana maoni yangu huwaudhi vijana wenzako.

Chukua ile riwaya ya ikulu ya zamani uliyonisifia, yenye mama wa mfalme mwenye busara. Niliimaliza kwa shida. Yule mama anazungumza kama mtangazaji wa redio wa leo, anajua yote yatakayotokea baada yake, na mwandishi hajakwama hata mahali pamoja. Mwandishi wa historia anayejua kila kitu simwamini, kwa kuwa hafungi kitabu hata mara moja. Ile nyingine, ya wapagazi waliochonga barabara katika msitu wa Nyungwe, ndiyo niliyoisoma mara ya pili. Kuna mpagazi mmoja anaingia ukunguni na mwandishi anakiri wazi kwamba hajui alikoishia. Anamwacha hapo, na sura inayofuata inaanza na mzigo wake ukibebwa na mwingine. Niliposoma hapo nilinyanyuka nikatembea mpaka Giheke na kurudi.

Na za miujiza? Mwambie Maman Odette, kwa heshima zote, kwamba uchawi unaodai kuwa ni kweli ndio wa kuogopwa. Riwaya ya miujiza imetangaza tangu mlangoni kwamba imetungwa, na kwa maana hiyo ina uaminifu kuliko ile ya ikulu. Ugomvi wangu na nyingi za siku hizi ni mwingine. Ile ya mganga wa fimbo ya shaba niliiacha katikati, maana kila anayeuawa anafufuliwa kabla hujageuza kurasa kumi. Mwandishi wake ni mtu anayegawa "labda" bure, kama nilivyotaka kufanya mimi. Lakini ile ya mji ulio chini ya Ziwa Kivu, ambako watu wanavuta pumzi ya gesi ya ziwani, isome hata ukikopa. Mle anayemwita maiti wake arudi anapoteza kumbukumbu ya njia ya kurudi nyumbani. Msichana mmoja anasimama mbele ya maji, anajua njia ya kwao, anamkumbuka kaka yake aliyekufa, na lazima achague. Ziwa lile nalitazama kila asubuhi, na tangu niisome silitazami vilevile.

Usidhani nakuambia kilichotungwa ni kidogo kuliko kilichotokea. Maman Safi alijua kwamba dereva wa kitabuni si mumewe, na bado ndiye aliyemfikisha mahali ambapo ukoo mzima haukuweza kumfikisha. Sijui nguo ile aliipa rangi gani. Nilimwona miaka baadaye sokoni, akibishana bei ya maharage na kucheka, nami sikumuuliza.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Soma za aina zote mbili, na usimruhusu mtu akuaibishe kwa yoyote kati yake. Jiulize kila mara ni nani anayesema, kitabu au mtu. Siku ukiandika wewe, nami najua unaandika, usiwape wenye msiba tumaini ambalo hutakuwapo kulibeba pamoja nao. Na ukiulizwa jambo lisilomo ukurasani, sema halimo, halafu mwachie aliyeuliza nafasi ya kulijaza mwenyewe.

Mungu akujalie macho yasiyochoka na miguu yenye utulivu kuliko yangu. Akupe vitabu vizuri na watu wa kuwasomea. Na siku huruma itakapokuharakisha mdomo, akuwekee karibu mzee wa kukuambia ufunge kwanza.