Maji Niliyomnyima Idrisa

Waungwana mlioketi, na akina mama mlionitangulia kwa umri na kwa hekima, niazimeni masikio kwa kisa kifupi kisichonipa sifa.

Nilipokuwa mtoto, katika miaka ya tisini, tuliishi Ngoingwa, Thika, na nyumbani kwetu husuda ilihesabiwa kuwa maradhi ambayo mmoja huyabeba na mwingine huyaugua. Nyanya aliamini kwamba jicho la hasidi humwingia mtu mwilini, na dawa yake ni moja: hasidi anawe uso juu ya beseni, kisha mgonjwa aogeshwe kwa maji hayo.

Hasidi nilikuwa mimi. Mwalimu wa madrasa alimchagua ndugu yangu mkubwa, Idrisa, aongoze kasida katika Maulidi ya Ruiru, ilhali mimi ndiye niliyezihifadhi beti zote, vina na mizani. Nilipomlalamikia Idrisa, alicheka.

"Wewe unajua kuhesabu mizani, Saidi. Watu hawaji Maulidi kuhesabiwa."

Tangu siku hiyo nilimtazama akifanya mazoezi kwa macho ninayoyaonea haya hata leo. Haukupita muda, shavu lake la kulia likavimba, chini kidogo ya jicho, na ile sauti tamu aliyochaguliwa kwayo ikabanwa puani. Kila aliposujudu, usaha wa njano wenye kunuka ulimtoka tundu moja la pua, naye akajifuta upesi kwa ukosi wa kanzu. Mwalimu akaniambia kwamba Idrisa asipopona kabla ya Jumapili, siku ya Maulidi, nitaongoza mimi.

Ndipo Nyanya alipoleta beseni uani. Hakumtaja mtu, kwani kumtaja hasidi ni kumvua nguo hadharani. Alisema kila mwenye kulala nyumba ile atanawa, akaanza yeye mwenyewe, kisha baba, kisha mama. Zamu yangu ilipofika wote walikuwa wamegeuka kwa adabu, isipokuwa Idrisa, aliyekaa kwenye kigoda ameshika shavu. Nilitazama beseni nikaiona Jumapili yangu ikizama humo. Nikasogea hatua moja, nikanawia mchangani.

"Umemaliza?" Nyanya akauliza.

"Nimemaliza, Nyanya."

Jumapili niliongoza mimi. Katika ubeti wa saba ulimi ulinikauka, na umati mzima wa Ruiru ukaningoja. Kutoka mkekani, mbele yangu, sauti ya puani ikanipa neno la kwanza. Nililidaka, nikaendelea, wala sikuthubutu kumtazama aliyelitoa.

Kesho yake baba alimpeleka kwa daktari wa meno mjini. Gego moja la juu liling'olewa, na usaha ukafuata. Idrisa alirudi na pamba mdomoni, akaniwekea kidole shavuni na kunifundisha alichoonyeshwa kwenye fuvu la plasta: kwamba ndani ya mfupa huu mna chumba kitupu, dari yake ndiyo sakafu ya jicho, na sakafu yake imekaribiana na mizizi ya magego. Jino likioza, uchafu hupanda humo. Na mlango wa kutokea puani uko juu, karibu na dari, hivyo kinachojaa hakitoki kwa urahisi mpaka mtu ainame.

"Ni gego tu," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini zaidi: "Lakini nilikuona ukinawia chini."

Nikamuuliza mbona hakumwambia Nyanya.

"Angejua ni wewe."

Leo najua kwamba gego lile lilianza kuoza kabla sijamwonea wivu mtu yeyote. Elimu imeniondolea hatia ya jicho; ya maji haijaniondolea, kwani nilipoyamwaga niliamini kwa moyo wote kwamba ndiyo dawa yake. Nimetunga beti nyingi tangu hapo, na kila ninaposifiwa huhisi kitu kikijaa chini ya jicho langu, mahali penye mlango wa juu. Hapo huinama. Na aliyeniambia kwanza kwamba chumba hicho kipo, na kwamba hakimwagiki ila kwa kuinama, ni ndugu yangu Idrisa.