Hodi Katika Bweni la Wasichana

Makao yetu ya watoto yako pembeni mwa Karatu, upande wa kupandia geti la Ngorongoro, mbele kidogo ya tuta la barabarani. Tuta lile Bibi aliliomba kwa Mungu na kwa mwenyekiti wa kijiji, na nadhani mwenyekiti ndiye aliyejibu kwanza. Gari la watalii likipunguza mwendo, bango letu linasomeka. Likisomeka, wageni husimama. Wakisimama, watoto huimba. Ndivyo tulivyoishi kwa miaka mingi, na hakuna aliyeona ubaya wowote.

Bibi ndiye aliyeyaanzisha makao. Alikuwa mjane wa Kiiraqw mwenye sauti ya kuitia ng'ombe waliovuka korongo. Alianza kwa kuwapokea watoto wa jirani waliofiwa, kisha wa jirani wa jirani, mpaka nyumba yake ikawa na mabweni mawili na kibali cha serikali. Mimi nilitoka Mbulumbulu, nikaajiriwa kuwa mlezi wa bweni la wasichana. Ujuzi niliokuja nao ni wa kulea wadogo zangu na ndama, ambao nyumbani walilelewa kwa mtindo mmoja.

Bibi aliamini kwamba mgeni ni baraka, na baraka haiambiwi isubiri barazani. Kwa hiyo mgeni alitembezwa jikoni, akapelekwa darasani, akamalizia mabwenini, ambako alipiga picha vitanda na waliovikalia. Kazi yangu ilikuwa kukimbilia stoo mara nisikiapo gari, nitoe midoli ya manyoya tuliyoletewa na wafadhili, niiketishe mmoja mmoja juu ya kila mto. Wageni wakiondoka, midoli ilirudi stoo isichafuke. Watoto waliiita waheshimiwa, kwa sababu ilionekana siku za shughuli tu, ikakaa mbele, na haikufanya kitu.

Msimu wa mvua za masika akaja afisa ustawi wa jamii mpya. Alikuwa msichana mfupi aliyevaa buti za mvua zilizomfika magotini, na kabla hajajitambulisha Bibi alikuwa ameshamwonyesha ndoo na bomba, akidhani ni mhitimu wa kidato cha nne aliyekuja kutafuta kibarua. Alichota maji, akayafikisha jikoni, ndipo akatoa kitambulisho. Bibi hakuomba radhi. Alisema maji yalikuwa yanahitajika.

Afisa alikagua vyoo, akalala kwenye kitanda kimoja kuona kama kinabonyea, akajaribu mlango wa dharura, ambao ulifunguka kwa kuvutwa ndani wakati kanuni zinataka usukumwe nje. Kisha akaomba kukaa na watoto peke yao. Mimi na Bibi tulibaki jikoni tukichambua maharage yaliyokuwa yameshachambuliwa. Kupitia ukutani tulisikia kicheko, kimya, kisha kicheko kingine kikubwa zaidi, na Bibi akasema kwa Kiiraqw neno ambalo mama yangu angenipiga kofi kulirudia.

Tulipoitwa, afisa alitueleza bila ukali. Viwango vya makao vinasema mtoto ana haki ya faragha. Anapolala si mahali pa maonyesho. Hapigwi picha kama mnyama wa kreta ya Ngorongoro. Na makao lazima yawe na baraza la watoto linalosikilizwa, sio la kupamba ukuta. Akatuambia atarudi mvua zikikatika.

Watoto walimchagua mwenyekiti wa baraza kesho yake. Alikuwa msichana wa miaka kama kumi na mmoja, wa familia ya wafugaji wa upande wa Ngorongoro. Mama yake alifariki, baba akaenda kutafuta kazi mbali na habari zake zikakatika. Alikuwa mrefu, mwembamba, na alikuwa na tabia ya kumtazama mtu mzima bila kupepesa macho mpaka mtu mzima akumbuke ana shughuli mahali pengine.

Bibi aliliogopa baraza. Alitarajia litadai nyama, au televisheni. Mwenyekiti alikuja na ombi moja: kila anayeingia bwenini abishe hodi na asubiri kukaribishwa. Bibi alikubali hata kabla sentensi haijaisha. Usiku ule aliniambia watoto wetu wana adabu, hawana tamaa, na kwamba hodi haigharimu kitu.

Iligharimu asubuhi yake. Bibi alizoea kuingia bwenini kama upepo, fagio mkononi, na kumwamsha yeyote aliyechelewa. Siku hiyo alisimama mlangoni akabisha. Ndani kukawa kimya. Akabisha tena, wakaanza kunong'ona na kuburuta vitu chini ya vitanda. Akabisha mara ya tatu kwa ile sauti ya korongoni, kuku wakatawanyika uani, lakini karibu haikutoka. Na kila mtu aliyelelewa vizuri anajua kwamba hodi ya tatu isipojibiwa, mgeni anageuza. Bibi alinitazama mimi. Mimi nilitazama mlima Oldeani, ambao siku hiyo hata haukuonekana kwa ukungu. Akageuza. Alipofika katikati ya uwanja, sauti nyororo ikaita kutoka ndani, "Karibu, Bibi." Alirudi, akakuta bweni safi kuliko alivyowahi kulikuta, na wasichana wamekaa wima kwenye vitanda wakimwamkia shikamoo kwa pamoja.

Alijaribu ujanja. Alibisha hodi huku anaingia, wakamkumbusha kwa heshima. Alinituma mimi, nikakaribishwa haraka, jambo lililomuudhi zaidi. Mwishoni alijifunza kukaa kwenye jiwe la mlangoni na kungoja, na nilimwona siku moja akiota jua pale, anapiga miayo, kama mwanamke aliyegundua mapumziko uzeeni.

Sasa siku moja jioni mapema gari likasimama, likitoka kreta, matope tupu. Waliteremka wazee wawili wa Kizungu, mume na mke, pamoja na dereva wao, kijana wa Endamarariek aliyetujua vizuri. Watoto waliimba. Bibi, kwa mazoea, akawaongoza wageni moja kwa moja hadi bweni la wasichana. Nilikuwa nimeshaketisha waheshimiwa kwenye mito. Mwenyekiti alikuwa amesimama mlangoni.

Alimwamkia Bibi, akawaamkia wageni, kisha akamwambia dereva awaeleze kwamba hapa wanabisha hodi. Dereva alieleza huku akitabasamu. Mama wa Kizungu alifurahi, akadhani ni mchezo, akasema neno lililofanana na hodi. Kimya. Akasema tena. Kimya. Ya tatu aliisema vizuri kabisa, na ndani mtu mmoja akakohoa. Basi.

Dereva alipaswa kueleza kwamba sasa inabidi wageuze. Bibi alikuwa amekunja uso kwa njia ambayo kwa mgeni huonekana kama tabasamu, na kwa sisi tunaomjua ni sababu ya kuondoka. Alimwambia mwenyekiti taratibu, kwa meno yaliyofungwa, kwamba wageni wametoka mbali na wanataka tu kuona mnapolala.

Mwenyekiti alifikiri. Kisha akamgeukia dereva.

"Mjomba, waulize. Wakishaona tunapolala, sisi tutaenda lini kuona wanapolala wao?"

Dereva hakutaka kutafsiri. Alijifanya anatafuta funguo. Mzee wa Kizungu alimsihi aseme, na aliposema, mzee alicheka mpaka akashika ukuta. Mkewe hakucheka. Aliitazama kamera iliyoning'inia shingoni mwake, akaivua, akaitia kwenye mkoba. Kisha akasema watoto wanakaribishwa hotelini kwao kesho, kama wenyewe wanataka.

Bibi akapumua, maana kanuni zilizomtesa sasa zingemwokoa. Alitangaza, kwa furaha isiyofichika, kwamba kanuni haziruhusu mgeni kuchukua watoto kuwapeleka popote. Na ni kweli, haziruhusu. Mwenyekiti alikubaliana naye kabisa, akaomba afisa ustawi apigiwe simu aulizwe.

Afisa alisema mgeni hawezi kuwachukua watoto. Lakini baraza la watoto linaweza kufanya ziara, likiwa na walezi wao na yeye mwenyewe, bila picha hata moja. Alikuja kesho yake na buti zake, ingawa mvua haikunyesha.

Hoteli ilikuwa juu, njia ya Oldeani, katikati ya mashamba ya kahawa. Tulirushwarushwa na barabara mpaka Bibi akaanza kuungama. Tulikuwa wajumbe wa baraza, Bibi, afisa na mimi, sote kwenye masweta yetu mazuri. Meneja wa hoteli alipotuona alitafuta nani wa kumwuliza, akakutana na macho ya mwenyekiti, akakumbuka ana shughuli jikoni.

Wazee walikuwa wametangulia ndani ya nyumba yao ndogo ya mawe. Mwenyekiti akabisha hodi. Kutoka ndani mama wa Kizungu akajibu "Karibuni" kwa lafudhi safi, na dereva akanong'ona kwamba ameifanyia mazoezi tangu alfajiri.

Wajumbe waliingia na kukagua. Hawakushika kitu. Walihesabu mito kwa sauti ya chini, wakataka kujua wengine wanaolala hapo wako wapi. Waliuliza moto ukitokea mnakimbilia wapi, na mzee wa Kizungu hakujua, ikabidi dereva atoke nje aulize. Walitazama mlango na kuona unafunguka kwa ndani, wakamtazama afisa, naye akatikisa kichwa kwa huzuni. Bibi ndiye aliyejisahau. Alikuwa ameshabonyeza godoro na sasa alikuwa anafungua kabati la nguo, mwenyekiti alipomgusa mkono.

"Bibi," alimwambia kwa upole, "kabatini hatujakaribishwa."

Kisha wakakaa chini kwenye zulia na kuwahoji wenyeji wao, kwa maswali yaleyale waliyoulizwa na afisa siku ya kwanza. Wanakula wakashiba? Kuna anayewapiga? Wanalala vizuri? Mzee alijibu kila swali kwa utii. Msichana mdogo wa Mbulu akauliza swali la mwisho: mlezi wao ni nani.

Mama wa Kizungu ndiye aliyejibu, na dereva akatafsiri kwa sauti iliyoshuka. Mama alisema kwao wanaishi kwenye makao ya wazee. Ni mahali pazuri, chakula kipo, joto lipo. Lakini walezi wa pale ni vijana wenye haraka, na huingia chumbani bila kubisha, hata mtu akiwa anavaa. Jana, alipozuiwa mlangoni kwetu, aliona haya kwanza. Baadaye akaona wivu.

Nilimtazama Bibi. Alikuwa anachezea kifungo cha sweta.

Mwenyekiti hakupepesa macho. "Mwambie aunde baraza," alimwambia dereva.

Mzee alianza kucheka, lakini mkewe alimgusa goti, akauliza inaanzaje. Msichana yule akamweleza kwa utulivu, kama mtu anayeelekeza njia ya kisimani. Achaguliwe mmoja asiyeogopa. Ombi la kwanza liwe dogo, ambalo mkubwa wao atalikubali haraka kwa kufurahi kwamba hajaombwa nyama.

Hapo ndipo mimi na Bibi tulipotazamana. Afisa alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yakitikisika, na mpaka leo hajaniambia siku ile alipokaa peke yake na watoto alizungumza nao nini hasa.

Tulirudi nyumbani. Asubuhi yake Bibi alinidai funguo za stoo, akatoa midoli yote, akaigawa iwe ya watoto moja kwa moja. Kabla juma halijaisha yote ilikuwa ya rangi ya udongo wa Karatu, mmoja umeoshwa ukasinyaa, mmoja umetumbukia chooni na kuzikwa kwa wimbo. Wageni tukaanza kuwapokea barazani kwa chai. Wapo waliopenda, na wapo walionuna wakaondoka na hawakusimama tena. Michango ilipungua, sitadanganya. Kipindi kile tulikula makande mpaka baraza likatoa salamu za rambirambi kwa matumbo ya wajumbe. Afisa aliporudi mvua zilipokatika tulifaulu mengi, tukashindwa mlango wa dharura. Bibi akamleta fundi siku hiyohiyo, akasimama juu yake mpaka ulipofunguka kwa nje. Kanisani nilimsikia akiwasimulia wenzake kuwa mambo ya hodi aliyawaza yeye mwenyewe.

Kuna kanuni nyingine, ambayo siku zile sikuwa nimeisikiliza vizuri: kwamba mtoto mahali pake ni kwenye familia, na makao yawe njia tu. Afisa alikuwa akiisoma kimyakimya. Alizunguka maboma ya Ngorongoro kwa pikipiki ya ofisi mpaka akampata shangazi wa mwenyekiti, dada wa baba yake, ambaye alikuwa akimtafuta mtoto miaka yote na kuambiwa amepelekwa Arusha. Walitembeleana kwanza, mara kadhaa, kama utaratibu unavyotaka.

Siku ya kuondoka shangazi alikuja amejifunga shuka jipya na shanga zake zote. Bibi alikuwa ameandaa hotuba. Msichana alimsikiliza hadi mwisho, akamkumbatia kiunoni, akambeba mdogo mmoja aliyekuwa analia, akamrudisha chini, akachukua begi lake. Hakutaka waimbe. Nilimsindikiza hadi barabarani na wakapata gari la kupanda juu. Nilikuwa na mambo ya kumwambia, lakini alikuwa ameshaanza kuongea Kimaasai na shangazi yake, wote kwa pamoja, na sikuelewa hata neno.

Niliporudi, wasichana walikuwa wanagombania kitanda chake cha dirishani. Kelele zilifika jikoni. Nilichukua sinia la mchele nikakaa juani, nikachambua polepole, nikawaacha wagombane mpaka wamalize.