Jibu Baada ya Idd

Bo-Kaap nzima, mtaa wetu wa Cape Town, ilijua Toughieda, mshona mapazia wa miaka ishirini na mmoja, anampenda Riedwaan wa nyumba ya kijani. Wenyewe eti walikuwa wanaficha! Kila jioni ya Ramadhani, sahani za futari zikianza kupita mlango kwa mlango, Toughieda alivuka barabara na ya kwanza, na kila siku aliyefungua mlango ni Riedwaan, utadhani nyumba ile haina watu wengine.

"Leo tena sambusa?"

"Hutaki, lete."

"Nani kasema sitaki? Nataka pamoja na mpishi wake."

"Kawaambie wazee wako, si mimi."

Riedwaan akawaambia. Jumamosi alasiri mama yake, Bi Mymoena, akaja na washenga wawili kuposa. Mzee Gasant, baba yake Toughieda, alimpenda kijana yule tangu anatambaa. Lakini kwetu binti hatolewi siku ya kwanza. Watu watasema kwao walimchoka.

"Tumewasikia," akasema kwa sauti nzito. "Njooni mchukue jibu baada ya Idd."

Bi Mymoena akatabasamu. Hata yeye alipoposwa, wazee wake waliwangojesha watu hivyo hivyo.

Idd haijafika, mwenye nyumba ya kijani akaiuza. Mnunuzi anataka kulaza watalii, hao hao wanaokuja kupigia picha kwenye vizingiti vyetu bila hata salamu. Miaka arobaini na saba kina Riedwaan wamepanga pale, wakapewa wiki mbili! Wakaenda kubanana kwa dada yake Bi Mymoena, Mitchells Plain, mbali nje ya mji, watu tisa vyumba viwili.

Baada ya Idd, Bi Mymoena akarudi na washenga wale wale. Toughieda alisimama nyuma ya pazia na sinia la chai.

"Mzee Gasant, tumekuja kuiondoa posa. Chumba nilichomwekea mwanao hakipo tena. Mtoto wa watu nitamlaza wapi, jikoni?"

"Lahaula! Mimi nilishakubali! Tangu siku ile nilikubali, niliwangojesha kwa heshima tu!"

"Najua, mzee wangu. Wangeshafunga ndoa kabla nyumba haijauzwa, wangejitafutia mahali pao. Sasa kijana kila senti anaitoa kutulisha sote kule."

"Basi kijana aje akae hapa kwangu."

"Mwanangu awekwe ukweni? Umaskini umetupata, aibu hiyo hapana."

Mzee Gasant akaliacha hilo, maana hata yeye asingekubali kwa mwanawe. Heshima yetu hiyo, loo! Kujenga kibanda haiwezi, kubomoa inajua. Na mimi naisema hivyo, lakini nimelelewa nayo.

Toughieda akaingia, akaweka sinia mezani. Machozi hayakumzuia kusema.

"Baba, mngeniuliza mimi, ningejibu siku ile ile."

Mzee Gasant akafunika uso kwa viganja. Bi Mymoena akamkumbatia binti, wakalia pamoja, kisha akajifunga mtandio, akatoka na watu wake kwenda kupanda basi.